Mbwa Mwitu, Kondoo na Kamanyola: Uhakiki wa Onyo Dhidi ya Walimu wa Uongo

Ijumaa tarehe 15 Septemba 2017, huko Kamanyola, mji mdogo ulio chini ya mteremko wa Ngomo, mahali ambapo barabara ya kutoka Bukavu inaingia Bonde la Ruzizi na mipaka ya Kongo, Rwanda na Burundi inakaribiana, askari wa jeshi la Kongo waliwafyatulia risasi wakimbizi wa Kirundi waliokuwa wakidai wenzao waliokamatwa waachiwe. Waliouawa walizidi 35, na majeruhi walikuwa wengi kuliko hao. Jeshi lilieleza kuwa wakimbizi ndio walioanza ghasia na kwamba mwanajeshi mmoja alipoteza maisha. Wengi wa wakimbizi hao walikuwa wafuasi wa Eusebie Ngendakumana, mwanamke wa Burundi ajulikanaye zaidi kwa jina la Zebiya, ambaye alitangaza kuwa alikuwa akitokewa na Bikira Maria.

Kabla ya risasi kulikuwa na majina. Miaka michache kabla ya hapo, mahujaji walikuwa wakipanda kilima cha Businde, katika mkoa wa Kayanza kwa mgawanyo wa wakati huo, kwenda kusali mahali ambapo Zebiya alisema maono yalimjia. Kanisa Katoliki la Burundi halikuyatambua maono hayo, likawaonya waamini wake wasiende. Tarehe 12 Machi 2013 polisi wa Burundi waliwapiga risasi mahujaji wa Businde. Waliokufa hawakupungua 9. Katika miaka iliyofuata, ambayo ndani yake ulizuka msukosuko wa kisiasa wa 2015, maelfu ya Warundi walivuka kuingia Kongo, na sehemu yao ikatua Kamanyola. Huko walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole, na ilielezwa kuwa walikataa kwa sababu za imani. Basi katika muda wa miaka isiyozidi mitano watu wale wale walipigwa risasi katika nchi mbili, na majeshi ya dola mbili tofauti.

Makala haya hayadai kwamba mahubiri ndiyo yaliyofyatua risasi hizo. Madai ya namna hiyo yangehitaji ushahidi wa aina nyingine. Linalokusudiwa hapa ni kulihakiki onyo lenyewe kama utanzu wa maneno: linajengwaje, linaelekezwa kwa nani, na linatumia msamiati gani pale linaposemwa kwa Kiswahili katika makanisa ya Kivu na ya nchi jirani. Hoja ni kwamba onyo dhidi ya walimu wa uongo, katika matini zake za asili, ni maneno anayoambiwa kondoo kuhusu mbwa mwitu. Katika matumizi mengi ya siku hizi limegeuka kuwa maneno anayoambiwa jirani, au mwenye bunduki, kuhusu kondoo.

Inafaa kuanza na sarufi, kwani ndimo kosa linamojificha. Biblia ya Kiswahili ya 1952, iliyozoeleka kwa jina la Union Version, inatumia maneno *walimu wa uongo* katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya pili. Katika Kiyunani neno hilo ni moja tu lililounganishwa, *pseudodidaskaloi*, nalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Kiswahili kimelifasiri kwa -a ya unganifu, na hapa ndipo utata unapozaliwa. *Mwalimu wa hesabu* ni mtu anayefundisha hesabu. *Meno ya bandia* ni vitu visivyo meno hasa. Je, *mwalimu wa uongo* ni yupi kati ya hao wawili? Ni mwalimu anayefundisha uongo, au ni mtu asiye mwalimu anayejifanya mwalimu? Maana ya kwanza inahusu mafundisho. Ya pili inahusu cheo. Ukiichukua ya kwanza, huna budi kusikiliza kinachofundishwa kabla ya kuhukumu. Ukiichukua ya pili, inatosha kuuliza mtu huyo katumwa na nani na ana cheti gani.

Mhubiri wa Bukavu au wa Uvira aghalabu hutumia maana zote mbili katika pumzi moja, na wasikilizaji hawapewi nafasi ya kuona pale anapovuka kutoka moja kwenda nyingine. Husema kwamba fulani anafundisha uongo. Akiulizwa ni uongo upi, hujibu kwamba fulani hakutumwa. (Msemaji wa Kiswahili cha Kongo angesema *walimu wa bongo*, na Mtanzania aliyekaa kwenye benchi la nyuma angedhani wanasifiwa kwa akili zao. Lakini utata huu angalau humalizika kwa kicheko.) Kuhusu Businde, kauli rasmi ya kanisa ilikuwa juu ya kutambuliwa: maono hayakutambuliwa. Kutotambuliwa si sawa na kuthibitishwa kuwa uongo. Hata hivyo, neno lilipotoka barazani likashuka njiani, lilifika likiwa limebeba maana zote mbili.

Katika msamiati huo huo lugha inatoa dawa, ila haitumiki. Tazama mzizi wa *potoka*. Anayepinda ni *aliyepotoka*. Anayepindisha ni *anayepotosha*, kwa kauli ya kutendesha. Anayepindishwa ni *aliyepotoshwa*, kwa kauli ya kutendwa. Viambishi hivi vidogo vinatenganisha pande mbili ambazo theolojia na sheria zote zinahitaji zitenganishwe: mtenda na mtendwa. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuzinyambua sentensi hizi bila kusema nani alimfanya nani nini. Lakini lugha ya onyo haipendi vitenzi. Inapenda majina: *wapotofu*, *wazushi*, *Wazebiya*. Jina halina mtenda wala mtendwa. Mara kitenzi kinapogeuzwa jina la kundi, nabii na bibi kizee aliyemfuata na mtoto aliyebebwa mgongoni wote huingia katika gunia moja.

Neno *mzushi* lina hatari yake ya pekee, na linastahili kutazamwa kwa kituo. Katika maandishi ya kanisa, *uzushi* ni mafundisho yanayokwenda kinyume na imani iliyokubaliwa. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, mzushi ni mtu anayezua: anazua habari, anazua ugomvi, anazua fujo. Mtaguso unapomwita mtu mzushi unasema juu ya fundisho lake. Ofisa usalama anaposikia neno hilo hilo anasikia mtu wa kuzua fujo, na kazi ya ofisa huyo ni kuzuia fujo. Neno moja limetoka katika ofisi ya mwanatheolojia likaingia katika ofisi ya mlinzi bila kubadili hata herufi moja. Ni lugha chache zinazorahisisha safari hiyo kama Kiswahili.

Kinyume chake ni neno *dhehebu*. Vyombo vya habari vya Kifaransa viliwaita watu wa Kamanyola *secte*, neno lenye harufu ya siri na hatari. Katika Kiswahili neno lililotumika lilikuwa *dhehebu*, ambalo asili yake ni Kiarabu, *madhhab*, njia anayoipita mtu. Ndilo neno la heshima kwa Washafii na Wahanafi, na Walutheri na Waanglikana wamelikubali bila kinyongo. Kwa hiyo Kiswahili kingeweza kuwapa watu wale jina lisilo na chuki. Kilichotokea ni kwamba maana ya Kifaransa ilimwagwa ndani ya chombo cha Kiswahili, na leo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Bukavu akisikia *dhehebu* mara nyingi anafikiri juu ya watu waliofichika porini. Hii ni hasara ya lugha nzima, si ya kundi moja.

Tuje kwa mnyama. Katika Injili ya Mathayo, sura ya saba, hatari inaletwa kwa sura ya mnyama mwindaji aliyevaa vazi la kondoo. Wafasiri wa Biblia walichagua *mbwa mwitu*. Lakini msemaji wa kawaida, akitumia istiari hiyo nje ya kanisa, husema *chui aliyevaa ngozi ya kondoo*. Hakukosea. Mbwa mwitu wa Afrika huwinda kwa kundi, mchana kweupe, kwa mbio ndefu, hajifichi. Chui ndiye anayenyatia na kujificha majanini. Wananchi waliisahihisha tafsiri kwa kumtazama mnyama wanayemjua. Na katika Kongo usahihisho huo una ladha nyingine, kwani chui ndiye aliyemo katika nembo ya taifa, na kabla ya hapo ngozi yake ilikuwa kofia ya Mobutu, ambaye sifa yake ya kijeshi ilijengwa juu ya mapigano ya Juni 1964 hapo hapo Kamanyola. Mhubiri akimtaja chui mbele ya wazee wa mji huo, haifai ashangae iwapo fikra zao hazikwenda kwa nabii.

Sasa onyo lenyewe katika matini zake. Jambo la kwanza linaloonekana kwa msomaji asiye na haraka ni anayeambiwa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya ishirini, Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso waje Mileto, anawaaga, na anawaonya kwamba wakali watakuja kutoka nje. Kisha, na hapa ndipo uzito ulipo, anawaambia kwamba wengine watainuka kutoka miongoni mwao wao wenyewe. Wasikilizaji wa onyo hilo ni viongozi waliotambuliwa, na wanaoshukiwa ni viongozi waliotambuliwa. Waraka wa Pili wa Petro nao unawaweka walimu wa uongo ndani ya nyumba, na alama inayowatambulisha kwa haraka ni tamaa ya mali. Ezekieli, katika sura ya 34, anawashutumu wachungaji wanaojilisha wenyewe. Kondoo waliotawanyika hawapati hata lawama moja, wanatafutwa. Tena katika Mathayo 13 mwenye shamba anawakataza watumwa wake wasing'oe magugu, kwa hofu kwamba ngano nayo itang'oka. Haiwezekani kuisoma sura ya saba ya kitabu hicho na kuiruka ya kumi na tatu, ingawa mahubiri mengi hufanya hivyo.

Ukiyalinganisha hayo na onyo linalosikika leo, tofauti inajitokeza bila kutafutwa. Onyo la leo mara nyingi hutolewa na mchungaji kuhusu mchungaji wa ng'ambo ya barabara. Mwonyaji na mwonywaji wanagombea waumini wale wale, sadaka zile zile, na mara nyingine kipaza sauti cha aina ile ile. Tangu kufunguliwa kwa siasa mwaka 1990, makanisa ya uamsho yameongezeka sana katika miji ya Kivu, na pamoja nayo biashara ya kuonyana. Mhubiri anayesema juu ya walimu wa uongo huku akiwataja wote isipokuwa walio katika chama chake mwenyewe hajafika Mileto.

Kanisa la kwanza lilikuwa na vipimo vyepesi kuliko tunavyodhani. Kitabu kidogo kiitwacho Didakhe, kimoja cha maandishi ya kale kabisa ya Kikristo nje ya Agano Jipya, kinaeleza jinsi ya kumpokea mtume anayesafiri: akae siku moja, au mbili ikihitajika, akikaa ya tatu, ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Mpishi wa kijijini asiyejua kusoma anaweza kukitumia kipimo hicho. Hahitaji kikao cha maaskofu, wala cheti, wala jeshi. Kinachopimwa ni tumbo na mkoba wa mwalimu, na mwisho wa hukumu ni kwamba hapewi chakula tena. Hakuna mahali ambapo wale waliompa chakula siku mbili za kwanza wanaadhibiwa.

Kipimo cha pili kilikuwa muda, na kwa hili mfano ulio karibu na Kamanyola ni Kibeho, kusini mwa Rwanda. Wasichana wa shule walianza kusimulia maono ya Bikira Maria tarehe 28 Novemba 1981. Wengine wengi walijitokeza na kudai kuona pia. Kanisa halikukimbilia kukubali wala kukataa. Lilifanya uchunguzi, na tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini baadaye, Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kuyatambua maono ya wasichana watatu tu: Alphonsine Mumureke, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Huyu wa mwisho hakuishi kuisikia hukumu. Aliuawa mwaka 1994. Katika miaka hiyo yote mahujaji walikwenda Kibeho, na hawakupigwa risasi kwa ajili ya kuamini jambo ambalo lilikuwa bado halijaamuliwa. Businde iko umbali usio mkubwa kutoka hapo, watu wake wanasema lugha inayoelewana na Kinyarwanda, na Bikira anayetajwa ni yule yule. Kibeho ilipewa miaka ishirini. Businde haikupewa hata mitatu.

Haisemwi kwamba Businde ingetambuliwa. Huenda muda ungeonyesha kinyume, na mafundisho mengine yaliyohusishwa na kundi hilo, kama vile kukataa chanjo na matibabu, ni mafundisho ambayo mwalimu yeyote mwenye kujali watoto hana budi kuyapinga kwa sauti. Ila kupinga fundisho ni kazi ya hoja, na hoja inataka kwanza kulijua fundisho.

Chukua suala la alama za vidole. Watu wa Kamanyola walichekwa kwa kukataa kuandikishwa, wakaitwa wakaidi. Msomaji wa Ufunuo wa Yohana, sura ya kumi na tatu, atajua kwamba panatajwa alama inayotiwa katika mkono wa kuume au kwenye kipaji cha uso, ambayo asiyekuwa nayo hawezi kununua wala kuuza. Mashine ya kuandikisha wakimbizi inataka vidole, na inataka uso. Baada ya hapo mkimbizi hupata kitambulisho, na bila kitambulisho kupata msaada ni vigumu. Kama ufafanuzi wa matini, usomaji wao una kasoro: unakichukua kitabu cha ishara kama orodha ya vifaa, na unasahau kwamba alama katika kitabu hicho inahusu kumsujudia mnyama, yaani utii wa moyo kwa dola inayojifanya Mungu. Mwalimu wa kweli angeweza kukaa nao chini ya turubai na kuieleza tofauti hiyo, kwa Kirundi, si kwa Kiswahili cha jukwaani ambacho wengi wao hawakukimudu. Lakini usomaji wao si wendawazimu. Ni usomaji wa watu ambao dola moja ilikwisha kuwapiga risasi wakiwa katika sala, na ambao sasa dola nyingine iliwataka waweke vidole vyao katika daftari lake. Anayewaonya bila kuliona hilo hajawasoma wao, na huenda hajakisoma kitabu pia.

Kongo yenyewe ina historia ndefu ya onyo lililoazimwa na serikali. Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa kwa miezi michache tu ya mwaka 1921 huko Nkamba. Wamisionari wengi walimwona nabii wa uongo. Utawala wa Kibelgiji ulimwona mwasi. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo tarehe 3 Oktoba 1921, mfalme akabadili hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini kifungoni. Wafuasi wake maelfu walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa nchini, na wakaipeleka imani yao kila walikotupwa. Mwaka 1969 kanisa lao lilikubaliwa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Msimulizi mwenye haraka angeishia hapo na kusema kwamba waonyaji walishindwa. Lakini mwaka 2021 Baraza hilo hilo liliuondoa uanachama wa kanisa hilo kwa sababu za mafundisho, hasa juu ya nafasi wanayopewa viongozi wa ukoo wa Kimbangu. Basi swali la kweli na uongo lilikuwa swali halali tangu mwanzo. Liliharibiwa na jibu la gereza, likachukua karne moja kurudi mahali pake, yaani meza ya mazungumzo.

Kitawala ni kisa kingine, na kwa mwanaisimu kina mvuto zaidi. Jina hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya mnara, lililotokana na jina la shirika la Mashahidi wa Yehova, likavalishwa kiambishi ki- na kusikika kama kitenzi *tawala*. Wakuu wa kikoloni walisikia utawala ndani ya jina, wakaogopa. Wananchi nao walisikia utawala ndani ya jina, wakatumaini. Maasi ya Masisi mwaka 1944, yaliyoongozwa na Bushiri, yaliwapa wote wawili sababu ya kuamini walichosikia. Baada ya uhuru, dola ya Zaire iliendelea na mazoea yale yale: sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 iliyatambua makanisa machache tu, likiwamo la Kimbangu sasa, na wengine wakabaki nje. Mwalimu wa uongo akawa yule asiyekuwa na karatasi. Hii ndiyo maana ya pili ya -a ya unganifu, iliyopigwa muhuri na serikali.

Kuna pingamizi zito dhidi ya hoja hii, na si haki kulipita. Kutokuonya kunaua pia. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliteketea ndani ya jengo la ibada, na makaburi mengine yakafukuliwa baadaye. Huko Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kanisa la Paul Mackenzie, ambako ilielezwa watu walifundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Kristo. Mbele ya makaburi hayo, nani atasema kwamba onyo lipunguzwe?

Hakuna anayesema hivyo. Kwa hakika visa hivyo vinadai onyo kali zaidi, ila kali kwa mwalimu. Itazamwe Shakahola. Mackenzie alikwisha kukamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, akaachiwa, akaendelea. Lakini Juni 2023 watu 65 waliookolewa kutoka msituni, ambao walikuwa wamekataa chakula, walifikishwa mahakamani kwa shtaka la kujaribu kujiua. Magazeti ya Kiswahili yaliandika *dhehebu potovu*. Kivumishi -potovu hakina kauli ya kutendwa. Hakisemi nani alipotoshwa. Kilikaa juu ya kundi zima kama shuka, na waliofunikwa nalo walikuwa pamoja na watu waliokonda hata kushindwa kusimama. Kamanyola na Shakahola ni visa viwili tofauti kwa kila hali: kule mwalimu anatuhumiwa kuwaua kondoo wake, huku kondoo waliuawa na askari. Sarufi ni moja.

Kama kuna jambo ambalo idara za Kiswahili zinaweza kulifanya, ni dogo. Wanafunzi wanaokwenda kurekodi mahubiri kwa ajili ya kazi zao za mwisho wa masomo wangeweza kuandika, kila panapotolewa onyo, nani ni mtenda na nani ni mtendwa katika sentensi. Ni mara ngapi mhubiri anatumia *anapotosha* na *wamepotoshwa*, na ni mara ngapi anatumia jina tupu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mkusanyo wa mahubiri mia moja ya Bukavu, Uvira na Kamanyola ungetosha kuonyesha kama hoja ya makala haya ina msingi au ni dhana ya mezani.

Watu wenyewe hawakungoja utafiti. Mwanzoni mwa Machi 2018 wapatao 2,500 waliondoka Kamanyola kwa miguu, wakavuka mto Ruzizi na kuingia Bugarama, Rwanda, wakiwa bado wanakataa kuandikishwa. Rwanda iliwapokea katika vituo vya muda, ikawataka waandikishwe na wakubali huduma za afya kama wakimbizi wengine. Walikataa kwa mara nyingine. Haukupita mwezi, zaidi ya 1,500 kati yao walirudishwa Burundi kwa mabasi, nchi ile ile iliyowapiga risasi Businde. Siku waliporudishwa ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Aprili 2018. Ilikuwa Pasaka, na katika makanisa ya pande zote mbili za mto watu walikuwa ibadani.